Nani Anakunywa Oili ya Mama Mdogo?

Oili ya pikipiki haidondoki pale ilipotokea. Hilo ndilo jambo la kwanza, na usipolijua, mengine yote yatakupotosha. Inaweza kutoka juu kabisa kwenye kichwa cha injini, ikateremka polepole juu ya mapezi ya silinda, upepo wa safari ukaisukuma nyuma, kisha ikakusanyika chini, karibu na boliti ya kumwagia oili. Hapo ndipo tone linaning'inia, na hapo ndipo kila mtu ananyoosha kidole.

Mama mdogo anaishi nje kidogo ya Kitale. Ana boda moja, 150cc, aliyoinunua kwa mkopo wa chama. Yeye haendeshi. Amempa kijana wa jirani, na kila jioni kijana huleta hesabu ya shilingi 400. Oili ni juu ya mwenye pikipiki. Ndivyo walivyokubaliana, kwa mdomo tu, bila karatasi. Mwanzoni kijana alikuwa anaomba pesa za oili mara moja kwa mwezi. Baadaye ikawa kila wiki mbili, halafu kila siku ya nane au ya tisa. Injini ya ukubwa huo hubeba kama lita moja tu, basi mama mdogo akapiga hesabu zake na kupata jibu: huyu ananiibia.

"Oili yote hiyo inaenda wapi?" aliniuliza. "Kwani pikipiki inainywa?"

Lilikuwa swali zuri, kwa sababu injini kweli inaweza kuinywa. Oili ina njia tatu za kupotea: iungue ndani, ivuje nje, au ichukuliwe na mtu. Mama mdogo alikuwa ameanza na ya tatu. Nilimwomba tuanze na hizo mbili ambazo zinaacha alama.

Inayoungua huonekana kwa ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka asubuhi injini ikiwa baridi, halafu ukapotea, mara nyingi sili za valvu zimechoka. Ukizidi unapovuta mafuta kupanda mlima, shuku ringi za pistoni. Jumamosi asubuhi kijana aliiwasha ikiwa baridi, nasi tukasimama nyuma yake kama watu wanaongoja matatu. Hakukuwa na bluu. Tukatoa plagi: kavu, kahawia kama biskuti. Injini inayokula oili huacha plagi nyeusi, yenye unyevu. Njia ya kwanza tukaifunga.

Chini ya injini, lakini, kulikuwa na tope la oili na vumbi la maramu. Fundi mmoja alikuwa ameshaliona na kutoa hukumu: injini imepasuka, lazima ifunguliwe, shilingi 6,000, siku mbili. Siku mbili bila hesabu, na chama hakingoji. Kabla ya hapo, kila alipopelekewa pikipiki alikuwa akiikaza tu ile boliti ya chini. Hiyo nayo ni hatari, maana boliti ni chuma na nyumba ya injini ni alumini. Ukizidisha nguvu, nyuzi za alumini zinakatika, na hapo unakuwa umejitengenezea uvujaji wa kweli.

Huwezi kutafuta uvujaji kwenye injini chafu. Tuliisugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, tukaiosha kwa sabuni ya unga, tukaianika. Tukapima oili pikipiki ikiwa wima kwenye stendi ya kati, kwa sababu ikiegemea stendi ya pembeni kipimo kinadanganya. Halafu tukapaka poda ya mtoto kila mahali vyuma viwili vinapokutana. Mama mdogo alicheka: "Sasa mnaivisha nepi?"

Tuliiacha ingurume dakika tano. Hakuna kitu. Hilo halikutushtua, maana oili baridi ni nzito. Ikipata joto huwa nyepesi na kupenya mahali isipopenya awali. Kijana akaenda mjini na kurudi.

Aliporudi tuliinama wote watatu. Poda kwenye boliti ya chini ilikuwa bado nyeupe. Tukapanda juu kwa macho: chini kidogo ya kifuniko cha tapeti, mstari mweusi mwembamba kama uzi ulikuwa umeanza kuteremka kwenye mapezi.

Kosa lilikuwa la ringi ya mpira ndani ya kile kifuniko. Joto lilikuwa limeikausha hadi ikawa bapa na ngumu kama plastiki, ukiikunja inapasuka. Mpya ilikuwa shilingi 50. Kabla ya kufunga tulipuliza mpira wa kupumulia wa injini, kwa sababu ukiziba, presha hujaa ndani na kusukuma oili kupitia sehemu yoyote dhaifu, na ringi mpya haingesaidia. Ulikuwa wazi. Tukasafisha kiti cha ringi, tukaipaka oili kidogo, tukakaza bila kulazimisha.

Muda huo wote kijana hakuwa amesema mengi. Tulipomaliza alienda kwao akarudi na gunia dogo. Akatoa chupa za oili, tupu, saba, akazipanga kwenye nyasi. Kila moja ilikuwa na tarehe kwa kalamu ya wino.

"Auntie, nilijua siku moja nitaulizwa," alisema. "Pikipiki haiwezi kunisemea."

Mama mdogo alisoma tarehe moja moja, chupa zote saba. Hakusema pole, na sidhani kijana aliitarajia. Alienda jikoni, akaleta chai. Jioni hesabu ilipokuja, aliifunga kwenye pindo la leso bila kuihesabu.