Bega la Mdogo Wangu

Nilipokuwa nikimsindikiza mdogo wangu bwawani kila alfajiri, sikuwahi kujiuliza haraka ile ilikuwa ya nini. Alikuwa na miaka 10, na medali zilikuwa zimejaa ukutani. Mkufunzi alimhesabia mizunguko tu. Namna mkono ulivyoingia majini haikuwa shughuli yake. Nasi jamaa tulipiga vigelegele, nami nikivuma kuliko wote. Alipotimu miaka 14 bega likawa halinyanyuki kwa maumivu. Akaliacha bwawa, hata kulitazama hataki.

Aghalabu humkumbuka Jason Dunford, mzaliwa wa Nairobi. Alikuwa na miaka 21 alipoweka rekodi ya Olimpiki, iliyovunjwa muda si mrefu, katika mchujo wa mita 100 mtindo wa kipepeo, Beijing 2008. Dhahabu ya Jumuiya ya Madola aliipata Delhi mwaka 2010. Nani leo huuliza alishinda nini akiwa na miaka 10? Mtoto hufundishwa kwanza kuelea, kupumua na kuteleza. Saa ya kupimia kasi ina siku yake.

Sasa mpwa wangu ameanza kuogelea. Medali hana. Jana alinionyesha anavyopumulia upande wa kushoto, akacheka, maji yakamwingia puani.