Mgeni wa Siku ya Tatu

Wahenga walisema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wako watu wanaoichukua methali hii kuwa ni maneno ya mwenyeji aliyechoka, ambaye subira imemwishia na sasa anatafuta njia ya kumwondoa mgeni wake. Mimi naiona kwa sura nyingine. Jembe ni heshima. Mgeni anayelishwa na kutumbuizwa tu hubaki mgeni hata akikaa mwaka mzima. Bali yule anayetiwa kazini pamoja na wenyeji amefunguliwa mlango wa ndani, na humo huona mambo yasiyoonekana barazani. Maana hii niliipata katika kisiwa cha Lamu, nilipokwenda kwa mara ya tatu kuhudhuria sikukuu ya utamaduni wa watu wa huko.

Lamu, ambayo wenyewe huiita Amu, ni mji mkongwe katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Nyumba zake za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na njia zake ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Mwaka 2001 mji huo uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kila mwaka, aghalabu katika mwezi wa Novemba, wenyeji huwa na tamasha la siku chache. Punda, ambao siku nyingine zote huchukua mchanga, mawe na magunia, hushindanishwa mbio kando ya bahari. Vyombo vya matanga hushindana katika mkondo ulio baina ya Lamu na Manda. Wazee hukabiliana kwenye bao, wanawake huonyesha ufundi wa kupaka hina, vijana hucheza kirumbizi kwa fimbo huku ngoma na zumari vikiwahimiza, na malenga husoma mashairi yao mbele ya watu.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa mwaka 2012. Mimi ni mtu wa bara, mwalimu kwa kazi, na bahari nilikuwa naijua zaidi kwa vitabu kuliko kwa macho. Nilipanda basi Mombasa, nikapita Malindi, Garsen na Witu, kwa njia ambayo wakati ule sehemu yake kubwa ilikuwa ya vumbi, hata nikafika Mokowe, mahali ambapo safari ya nchi kavu hukoma na abiria huingia botini. Nikakaa siku tatu. Nikatazama, nikapiga makofi, nikanunua kofia ya vito, nikarudi kwetu. Nilifurahi kama afurahivyo mtu aliyetazama mchezo mzuri jukwaani. Pazia likishushwa, huenda zake.

Niliporudi mwaka 2016 nilikuwa na watu wa kuwasalimu kwa majina. Nilikaa na mshonaji kofia, nikaona jinsi anavyozungushia uzi kila kitundu kidogo kwa sindano, kimoja baada ya kimoja. Nikatambua kwamba kofia niliyoitia mkobani miaka minne nyuma ilikuwa imekula siku nyingi za maisha ya mtu. Nilijifunza pia kwamba mui ni mji, ndia ni njia, na nti ni nchi. Nikafahamu kwa nini tenzi za kale tulizosomeshwa shuleni zilikuwa na maneno yaliyotushinda. Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utenzi mashuhuri karibu na mwaka 1858, hakuwa akitafuta maneno magumu. Alikuwa akisema na mwanawe kwa lugha ya nyumbani kwao.

Mara ya tatu ilikuwa mwaka 2022. Usiku wa kuamkia mashindano ya vyombo nilikuwa nimeketi barazani kwa nahodha mmoja, mzee ambaye nilizoeana naye tangu safari ya pili.

"Mwalimu, kesho utakaa wapi?" aliniuliza.

"Pale ukutani, mzee, penye kivuli, nipate kuona vizuri."

Akacheka kidogo. "Umekuja mara tatu, na mara zote ni kuona tu. Kesho ndoo chomboni. Nimepungukiwa na mtu."

Ndoo, kwa lugha yao, ni njoo. Nikamwambia kwamba sijui kazi ya baharini. Akaniuliza, "Kuchota maji wajua?" Nikajibu kuwa najua. "Basi," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Asubuhi nilimpa shikamoo ufukoni, naye akaniitikia na kunikabidhi kopo la bati. Hilo ndilo lililokuwa jembe langu. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini kabisa ya mashua na kufua maji, kama wasemavyo mabaharia. Yaani kuyachota yanayoingia chomboni na kuyarudisha baharini. Tulikuwa watu wanane. Tanga lilipopandishwa, chombo kilitetemeka kama mnyama aliyeamshwa, kisha kikaondoka.

Kwenda na upepo ni raha, na hata mtu asiyejua kitu aweza kuifurahia. Kurudi kwa kupiga bisho, chombo kikikata huku na huku dhidi ya upepo, ndiko kunakompambanua baharia. Mashua ililala ubavu mmoja hata maji yakawa yanaramba ukingo wake. Vijana wawili walitambaa juu ya ubao uliotokeza nje ya chombo upande wa joshi, yaani upande utokako upepo, wakakaa juu ya bahari kama ndege juu ya tawi, ili uzito wao ukizuie chombo kisipinduke. Mimi nilichota maji bila kuinua kichwa, isipokuwa mara moja nilipomtazama nahodha. Hakuwa akipiga kelele. Alikuwa akitazama rangi ya maji kwa mbali. Palipogeuka kuwa peusi alijua kwamba upepo mkali umepagusa na sasa unakuja kwetu. Akanena neno moja, na kila mtu akawa mahali pake kabla haujafika. Mimi nimesoma vitabu vingi, lakini maarifa ya namna ile sikupata kuyaona yakifanya kazi kwa upesi kiasi kile.

Tulimaliza tukiwa wa nne. Tulipokuwa tukikunja tanga nilimwuliza mzee ni nani aliyezoea kukaa pale nilipokaa. Akaniambia kwamba lilikuwa jambo la zamu. Mtoto huanza kwa kopo la maji. Akikua hupelekwa kwenye kamba za tanga, kisha kwenye ubao, na mwisho, akijaliwa, kwenye usukani. Mjukuu wake alipanda daraja hizo mpaka ubaoni, halafu akapata kazi ya mshahara Mombasa. Aliyekuwa kwenye kopo ikambidi ashike ubao, na nyuma yake hapakutokea mwingine.

"Si vibaya," mzee alisema. "Ana mke na mtoto, na mshahara haungoji upepo. Lakini kazi hii nayo haingoji likizo."

Furaha yangu ya kupewa kazi ilipungua kidogo hapo, kwa kuwa niliona kwamba kiti nilichokalia kilikuwa kitupu kabla yangu. Kilipasa kukaliwa na mtoto wa miaka kumi ambaye baada ya miaka ishirini angekuwa nahodha. Mimi nilikijaza kwa siku moja tu, kisha nikapanda basi kurudi bara.

Siku ile nilikumbuka habari za mtepe. Mtepe ulikuwa chombo cha visiwa vya pande hizi, na Wabajuni walikuwa mahodari wa kuuendesha. Mbao zake hazikupigiliwa misumari, bali zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, na tanga lake lilikuwa la mkeka. Vyombo hivyo vilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na sasa tunaviona kwa mifano inayotunzwa katika makumbusho. Mfano waweza kupimwa kwa rula na kupigwa picha. Lakini mkono uliojua kuivuta kamba ile kwa kadiri yake, isilegee maji yakaingia wala isikaze ubao ukapasuka, haukuwekwa kabatini, wala hauwezi kuwekwa.

Wako wanaosema kwamba tamasha kama la Lamu ni biashara tu, la kuwapendeza wageni wenye fedha. Sikubaliani nao. Shindano humpa mwenye mashua sababu ya kushona tanga lake upya. Mtoto anayeshangilia ukutani huenda akatamani kuwa chomboni. Mshonaji na mpaka hina hupata riziki, na kijana hujua kwamba alicho nacho nyumbani kina thamani mbele ya ulimwengu. Hayo ni mema makubwa. Ila tusilitake tamasha lifanye kazi isiyo yake. Tamasha ni kama siku ya mtihani: huonyesha yaliyosomwa, lakini halisomeshi. Asiyejifunza katika siku zote zilizobaki za mwaka hawezi kujifunza siku ile.

Wala tusimlaumu kijana aliyekwenda Mombasa. Dunia inabadilika. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa barani, na meli za chuma zilizo kubwa kuliko msikiti wowote wa kisiwani zikaanza kutia nanga humo. Si haki kumwambia kijana akae na njaa ili sisi wageni tupate cha kutazama. Anayetaka ufundi udumu hana budi kuununua kwa bei ya haki, kumsifu fundi wake angali hai, na kuwapa watoto nafasi ya kukaa karibu na wanaojua.

Asubuhi iliyofuata, tamasha likiwa limekwisha na wageni wengi wamekwisha kwenda, nilimwona mzee karibu na ufuko katika kidau kidogo. Mbele yake alikuwa mtoto wa jirani, ameshika kopo lile la bati kwa mikono miwili. Hapakuwa na ngoma wala zawadi wala mtazamaji ila mimi. Mtoto alichota maji, akayamwaga upande utokako upepo, yakamrudia usoni. Mzee akacheka, akamwonyesha upande wa pili.

Vijana wasomaji, si kila mmoja wenu ana bahari kwao. Lakini hakuna kwao pasipo na mtu anayejua jambo ambalo halikuandikwa bado: kusuka kikapu, kufua chuma, kuzitambua dawa za mitishamba, kuimba nyimbo za mavuno, kusimulia nasaba ya ukoo. Mkirudi nyumbani likizoni mtapokewa kama wageni, na siku ya kwanza mtapikiwa vizuri. Pokeeni kwa shukrani. Kisha siku ya tatu, kabla hamjaambiwa, ulizeni jembe liko wapi.