Mukuru, Mtaa Uliojihesabu

Msomaji, ukitoka katikati ya Nairobi ukashika barabara ya Enterprise, viwanda vitakusindikiza njia nzima. Shuka utembee kidogo nawe utaiona Mukuru: mabati kwa mabati, vijia ambamo watu wawili hupishana kwa ubavu, na mto Ngong ukipita na taka zake. Mitaa ni mitatu, yaani Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, na jamaa wapatao 100,000 wamefanya maskani humo.

Kwa miaka mingi hapakuwa na mpango wowote. Huko Sinai, upande wa Viwandani, nyumba zilijengwa hadi juu ya bomba la mafuta. Mnamo Septemba 12, 2011, mafuta yalivuja, moto ukalipuka na takriban watu 100 wakaangamia.

Je, wakazi walifanya nini? Walijihesabu. Chama chao, Muungano wa Wanavijiji, kikishirikiana na wataalamu, wakiwemo wa vyuo vikuu vya Nairobi na Strathmore, kilipita mlango kwa mlango kikiuliza: Maji mwanunua wapi, na kwa pesa ngapi? Choo ki wapi? Stima je, mwalipa nani? Ikabainika kwamba anayenunua maji kwa mtungi hulipa zaidi kuliko tajiri anayefungua mfereji nyumbani kwake. Hebu fikiria, mpangaji wa chumba kimoja cha mabati kumshinda tajiri kwa bei ya maji!

Agosti 2017, serikali ya Kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la kupangwa. Nyumba kumi kumi ziliunda kikundi, ili kila mwenye mlango apate wa kumsemea. Kizungumkuti kilikuwa barabara. Lau vipimo vya kawaida vingefuatwa, maelfu wangebomolewa, basi ikakubaliwa upana upunguzwe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hesabu ile ilipolipa.

Hata hivyo ramani si ngome. Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara nyingine, na maelfu wakalala nje.

Lakini ukienda sasa, mwambie mwenyeji akupitishe kwa Reuben. Utakanyaga lami iliyowekwa kuanzia 2020, pale ambapo zamani mvua ikinyesha watoto walivua viatu kwenda shule.