Damu Inapokatazwa Kuganda

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kujikata kwa wembe au kwa kisu cha jikoni, nawe hukuhesabu dakika. Ulikibana kidole, ukaendelea na shughuli zako, ukijua kwamba damu itajifunga yenyewe. Nayo ikajifunga. Uwezo huo ndio unaotuwezesha kuishi na visu, misumari na mitambo ya viwandani. Na ni uwezo huo huo ambao, ukifanya kazi mahali pasipostahili, humwua mtu mzima aliyeketi barazani kwake pasipo jeraha lolote.

Watu wa mitaani kwetu, wakisikia mgonjwa wa moyo ametiwa dawa ya kuyeyusha donge la damu, husema "damu yake imefanywa maji". Usemi huo una nusu ya ukweli. Nusu iliyobaki ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, maana niliiona kwa macho yangu ikilowesha mashuka.

Katika majimaji ya damu, mbali na chembe nyekundu na nyeupe, mna protini iitwayo fibrinojeni. Kwa mtu mwenye afya huwa kati ya gramu 2 na 4 katika kila lita. Mshipa ukijeruhiwa, fibrinojeni hugeuzwa kuwa nyuzi, nazo nyuzi hizo husukana mithili ya wavu wa mvuvi, zikanasa chembe za damu mpaka donge likatokea. Sasa, katika mishipa inayoulisha moyo, mafuta yaliyojijenga ukutani kwa miaka mingi huweza kupasuka. Damu hudhani pana jeraha, hutupa wavu wake hapo, na njia huzibika. Nyama ya moyo iliyo mbele ya kizuizi hicho huanza kufa kwa dakika na saa, wala haingoji siku.

Damu hiyo hiyo ina kisu chake cha kukatia wavu, kiitwacho plasmini, lakini aghalabu kisu hicho kimo alani. Mwaka 1933, huko Baltimore, Marekani, William Tillett na mwenzake Garner walitangaza kwamba vijidudu vya streptokoka, jamaa ya wale watuleteao maradhi ya koo, hutoa kitu kinachoyeyusha donge la damu ya binadamu. Kitu hicho kilikuja kuitwa streptokinezi. Kazi yake ni kukichomoa kisu alani. Ilichukua zaidi ya miaka hamsini kabla ya mabingwa kukubaliana kwamba kinaokoa maisha: mwaka 1986 Waitaliano walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 11,000, na mwaka 1988 ukafuata uchunguzi wa wagonjwa 17,187 katika nchi kadhaa. Katika huo wa pili, waliopewa streptokinezi pamoja na asprini walikufa 8 katika kila 100 kwa muda wa wiki tano, ilhali wasiopewa chochote kati ya hivyo walikufa 13. Asprini, ndugu msomaji, kidonge cha dukani!

Mwaka 2014 mjomba wangu, mstaafu wa kazi ya kupakua shehena bandarini, alishikwa na maumivu ya kifua. Aliyaita baridi. Alimwita muumishi wa mtaani, akachanjwa chale mgongoni na kuwekewa chuku, akasema amepata nafuu. Usiku wa siku ya pili maumivu yalirudi kwa kishindo, yakashuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka kama aliyemwagiwa ndoo ya maji. Tulimfikisha katika hospitali moja ya jiji baada ya saa tatu hivi. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha wazi kwamba mshipa umeziba.

Daktari alianza kuuliza maswali ambayo mimi niliyaona ya kupoteza wakati. Amepata kuugua kiharusi? Ameumia kichwa? Amefanyiwa upasuaji hivi karibuni? Ana vidonda vya tumbo vinavyotoa damu? Ana jeraha lolote bichi? Kwa kila swali mjomba alitikisa kichwa. Ndipo mkaza mjomba aliposema, "Daktari, mzee kapigwa chuku juzi." Mjomba alimkata jicho. Mkaza mjomba akamjibu palepale: "Baba Zuhura, mficha uchi hazai."

Daktari aliutazama mgongo, akatafakari kidogo, kisha akamwambia muuguzi alete bendeji za kubana. Yuniti milioni 1.5 za streptokinezi zikaanza kushuka kwa dripu, zimalizike katika muda wa saa moja. Shinikizo la damu likaporomoka, jambo ambalo dawa hii hulifanya mara nyingi, wakaipunguza kasi, likapanda. Kisha zile chale zikaanza kuvuja. Na tundu la sindano mkononi. Na fizi. Mkaza mjomba alipoyaona mashuka alisimama akataka dripu ifungwe. "Mama," alisema daktari, "mgongo naweza kuubana kwa mkono wangu. Moyo siwezi."

Hapo ndipo penye kiini cha habari. Kisu kikisha kuchomolewa hakichagui. Streptokinezi haikati donge la moyoni peke yake; hukata pia fibrinojeni inayoelea katika mwili mzima. Katika saa chache kiasi chake huweza kushuka chini ya gramu 1 kwa lita, na ndivyo maabara ilivyoona kwa mjomba. Tena vipande vya nyuzi zilizokatwa huzagaa katika damu na kuzuia nyuzi mpya zisisukane vema. Kisu hicho huendelea kukata hata ndani ya kichupa cha maabara, hivyo wapimaji makini hutia dawa ya kukizuia, la sivyo majibu yatadanganya. Damu kweli huwa nyepesi katika mwendo wake, kwa kuwa fibrinojeni ndiyo mojawapo ya vitu viipavyo uzito. Ila chembe nyekundu zimo vilevile, isipokuwa zile zilizomwagika.

Na liko jambo la kushangaza zaidi. Donge linapoyeyuka hufungua kimeng'enya kilichofichwa ndani yake, ambacho kazi yake ni kugandisha. Kwa hiyo damu inayokataa kuganda mgongoni yaweza kuwa na hamu ya kuganda upya moyoni, na ndiyo sababu mjomba alipewa asprini akiwa bado anavuja. Mimi nisiye daktari niliona kama wanaume wawili wanavuta kamba, na kamba ni mzee wangu.

Hatari kubwa si mgongo wala fizi. Ni damu kuvuja ubongoni, jambo linalowapata wachache, pengine mmoja katika mia au pungufu, lakini halibanwi kwa bendeji. Kwa sababu hiyo kiharusi hakitibiwi kwa dawa hizi mpaka picha ya kichwa ithibitishe kwamba ni donge na si mvujo. Na huko haitumiki streptokinezi bali dawa nyinginezo, na kwa kawaida ndani ya saa nne na nusu.

Mjomba alilala siku nane. Fibrinojeni ilianza kupanda siku iliyofuata, kwani ini huitengeneza bila kupumzika. Siku hizi, Dar es Salaam, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 huzibua mishipa kwa mrija mwembamba, na njia hiyo ni bora ikipatikana mapema. Aliye mbali na mji bado tegemeo lake ni dripu.

Alipotoka alipewa kadi ndogo inayosema kwamba asipewe streptokinezi tena, kwa kuwa mwili wake sasa umejitengenezea askari wa kuipinga. Muumishi alipokuja kumjulia hali, mkaza mjomba alimsomea kadi hiyo yote, neno kwa neno. Naambiwa sasa, kabla hajashika wembe, huwauliza wazee wanameza vidonge gani.