STAA ALIYEKUJA BEREGA KUTAFUTA KIKI KORONGONI, NA MIMI NILIYEFUNGUA KAMBA

Leo siandiki nani kaachana na nani, wala nani kanunua gari la mkopo akasema kalipa keshi. Leo najiandika mwenyewe. Hii stori nimekaa nayo muda mrefu, ila wiki hii kuna mtu kanitumia meseji nikaona bora nifunguke tu.

Iko hivi. Mi nimezaliwa na kukulia Berega, Kilosa. Ukitoka Dar kwenda Dodoma, ukishapita Dumila kuelekea Gairo, kuna sehemu unashuka kwenye basi unachukua bodaboda kuingia ndani. Kiangazi kwetu ni jua na vumbi. Mito inakauka inabaki mchanga mtupu, na watu wanafukua huo mchanga kupata maji ya kuchota. Mvua zikija, maji yanashuka kwa fujo na kuchimba udongo, ndo tunapata makorongo. Lipo moja kuta zake zinafika kama ghorofa mbili, na chini ni jembamba, ukinyoosha mikono unagusa pande zote. Mwanga wa saa sita ukiingia humo, ukipiga picha watu watasema upo Marekani.

Niliposti picha moja tu. Staa mmoja wa mjini, jina kapuni, akanifuata inboksi. Kaziona zile klipu za wazungu wanaoshuka kwa kamba kwenye makorongo ya jangwani, na yeye anataka yake, wa kwanza Bongo. Mi niwe mwenyeji wao, nipewe elfu hamsini na jina langu liwekwe kwenye posti. Wadau, nisiwadanganye, hela haikunichanganya. Lile jina kwenye posti ndo lilinichanganya. Nimemaliza form four sina ajira, ukurasa wangu una wafuasi wa kuhesabu, halafu mtu kama yule ananiita "mwanangu". Nilikubali kabla hajamaliza kuandika.

Walikuja mwanzoni mwa Desemba, yeye na mpiga picha wake. Mi nikamchukua dogo mmoja, mtoto wa mama mdogo, miaka 17, abebe mabegi. Asubuhi tunatoka nyumbani, mjomba yuko nje ananoa panga. Akauliza tunaenda wapi, nikamwambia. Akasema, "Mjomba, jana usiku mlimani kumenguruma. Leo msiingie." Nikaangalia juu, hakuna hata wingu. Nikamwambia tutawahi kutoka. Akanijibu, "We unaangalia juu ya kichwa chako. Maji ya korongo hayatoki juu ya kichwa chako."

Nilimuelewa vizuri tu. Mwaka 2014 mwezi wa kwanza maji yalikata barabara kuu pale Dumila, mabasi ya Dar na Dodoma yakakwama, mi nikiwa bado mtoto. Miaka kama minne kabla ya hapo mafuriko yalisomba reli ya kati huko Kilosa. Mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa kwamba mvua inanyesha milima ya Ukaguru na wewe wa chini kwenye jua ndo unayesombwa. Nilijua, nikanyamaza.

Tulipofika, wakatoa kamba. Ilikuwa manila ya dukani, ya kufungia mizigo. Helmeti hamna, mkanda wa kiunoni na mapajani hamna. Hata kile chuma cha kupitishia kamba ili ikusaidie kupunguza kasi hamna. Staa akasema vifaa vitaharibu muonekano. Tukaifunga kamba kwenye mgunga mmoja ukingoni. Akatangulia dogo, akafuata mpiga picha, mwisho staa mwenyewe. Alipofika chini viganja vimebabuka, ila anacheka, maana klipu imetoka kali.

Sasa sikilizeni hapa. Mbele kidogo ndani ya lile korongo kuna poromoko la pili, fupi, halafu ndo unatokea kwenye mto wa mchanga. Staa akanipigia kelele kutoka chini: "Mwanangu, fungua kamba uitupe huku, tunaihitaji kwa la pili!"

Nilisita kama sekunde tano hivi. Halafu nikaifungua, nikaitupa.

Kwa nini narudia hilo kila siku kichwani? Kwa sababu ile kamba ndo ilikuwa njia yao pekee ya kurudi juu. Siku hizi nimesoma sana kuhusu huu mchezo, na wanaoujua wanasema kitu kimoja: ukishaivuta kamba ya juu, umeshajifungia mlango. Njia inayobaki ni kwenda mbele, hata kama mbele kuna balaa. Ndo maana wenzetu kabla ya kuivuta wanaangalia hali ya hewa ya milimani, sio ya pale waliposimama. Kamba wanaifunga sehemu ngumu zaidi ya moja, mwisho wake wanapiga fundo ili mtu asipitilize, na wanabeba kamba ya ziada. Na kuna mtu nyumbani anajua wako wapi na watatoka saa ngapi. Sisi tulikuwa na mti mmoja, kamba moja na simu tatu za kurekodia.

Ilikuwa kwenye saa tisa alasiri. Kwanza nilihisi upepo wa baridi unatoka ndani ya korongo, una harufu ya udongo uliolowa. Nikageuka nikaona mlimani kumekuwa cheusi. Halafu nikasikia mlio kama Fuso linapanda kilima. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika: "Pandeni! Pandeni popote!"

Dogo ndo aliyeelewa kwanza, maana ni wa hapa hapa. Kulikuwa na kibaraza cha udongo ubavuni, kimeshikwa na mizizi. Akawasukuma wale wawili juu, akapanda mwisho. Maji yakaja rangi ya chai ya maziwa, yamebeba magogo. Yalifika kwenye magoti ya dogo na yeye ameshika mzizi. Mi niko juu, nawaona, na sina kitu mkononi. Kamba yote wanayo wao.

Nilikimbia kurudi kijijini. Njiani nikakutana na mjomba anakuja na wanaume kama sita. Alikuwa ameshaona mlima, hakusubiri kuitwa. Walibeba kamba za ng'ombe na kamba za turubai za lori. Hakuniuliza chochote. Tukaziunga, tukawa tunashusha kamba huku udongo wa ukingoni unamegeka. Wa kwanza kutoka alikuwa staa, wa pili mpiga picha. Dogo alitoka saa moja usiku, giza limeshaingia, kwa sababu yeye ndo alikuwa anawafunga wenzake viunoni. Alipofika juu hakuweza kufungua vidole.

Siku ya tatu klipu ikatoka. Muziki wa kutisha, maji yamepunguzwa kasi, maandishi yanasema kakiangalia kifo usoni na kifo kikakwepa macho. Dogo hayumo hata sekunde moja. Jina langu halipo, elfu hamsini sikuiona. Na mimi nikafanya nini? Nikaishea. Nikaandika "nilikuwepo". Ndo posti iliyopata laiki nyingi kuliko zote nilizowahi kuweka. Mama mdogo aliiona kwenye simu ya jirani. Alikuja nyumbani, akakaa, akaniangalia, akaondoka bila kuaga. Hilo linaniuma kuliko kama angenitukana.

Baadaye nikaanza kusoma yaliyowakuta wengine. Kule Naivasha, Kenya, ndani ya hifadhi ya Hell's Gate kuna korongo jembamba kwenye ardhi kavu kama yetu, hadi filamu ya Tomb Raider ya mwaka 2003 walikwenda kurekodia huko. Aprili 2012 kikundi cha vijana wa kanisa walikuwa humo, maji yakashuka ghafla, wakafa saba. Septemba 2019 wakaingia watalii wengine, maji yakaja tena, wakafa saba. Kati ya hao alikuwemo kijana mwongozaji, mwenyeji wa kule. Mwezi huo huo wa tisa, ila mwaka 2015, watu saba waliingia na kamba zao kwenye korongo la Keyhole, hifadhi ya Zion, jimbo la Utah huko Marekani. Hao walikuwa na kamba za kweli na vifaa vya kweli. Mvua ikashuka kwa nguvu, hakutoka hata mmoja.

Nikisoma habari ya yule mwongozaji wa Naivasha nashindwa kumaliza. Mwenyeji ndo anayelijua eneo, na ndo mtu ambaye mgeni anamuangalia kabla ya kuingia. Mgeni akiona umetulia, na yeye anatulia. Yule staa nimemsema sana vijiweni, na ana makosa yake. Ila yeye hakujua maana ya wingu la Ukaguru. Mi nilijua.

Dogo yupo, anaendelea vizuri, anajifunza ufundi wa pikipiki. Mvua ikianza kunyesha usiku anaamka anakaa kitandani. Nilimuomba msamaha mwaka mzima baadaye, akasema, "Kaka, we ulipiga kelele, ndo nikapanda." Sijui kama alikuwa ananifariji. Mama mdogo siku hizi anaitikia salamu yangu.

Sasa ile meseji ya wiki hii. Ni staa mwingine, huyu mkubwa, naye jina kapuni. Ameiona ile klipu, anataka "lile lile korongo", mwezi wa kumi na mbili, dau mara nne ya lile la kwanza. Wadau, niliiangalia ile meseji usiku kucha, maana maisha nayo ni magumu. Asubuhi nikamjibu: njoo mwezi wa nane, njoo na mtu aliyesomea kazi ya kamba na vifaa vyake, na mjomba wangu ndo atasema tuingie au tusiingie. Mjomba akikataa, nauli yako imeliwa.

Meseji imesomwa, jibu hadi leo hakuna. Inawezekana keshapata mwenyeji mwingine. Kama ni wewe, na unasoma hapa, nakuomba kitu kimoja: akikwambia ufungue kamba, kwanza geuka uangalie mlima.