Nyuzi Nane Chini ya Mlima Meru

Usharika wetu, mteremkoni mwa Mlima Meru, ulikuwa na matarumbeta kabla ya kuwa na umeme. Desturi hiyo ilitoka kwa Walutheri wa Ujerumani, nasi tuliipokea kama yetu. Lakini Zaburi zilizosomwa pale madhabahuni zilitaja kinubi, na sikumwona mtu aliyewahi kukigusa. Nilimuuliza babu. Akasema, "Hicho ni chombo cha Wayahudi, mjukuu wangu." Niliamini hivyo mpaka nilipofika Kampala.

Nilikwenda huko nikiwa mwalimu wa kwaya kijana, miaka michache baada ya ufalme wa Buganda kurejeshwa mwaka 1993. Wapiga muziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, walikuwa wametawanyika tangu 1966, jeshi la Rais Obote lilipoivamia ikulu yake ya Mengo. Mzee mmoja aliyefundishwa na watu wa ikulu alinikalisha mkekani, akanipakatisha ennanga, kinubi cha Waganda. Tumbo la mti lililowambwa ngozi, shingo iliyopinda kama upinde, nyuzi nane. Shingoni, karibu na kila uzi, palikuwa na pete yenye ngozi ya kenge. Uzi ukitikisika huigusa pete, na sauti hutoka ikivuma kama nyuki mzingani. Nikadhani chombo kina kasoro, nikaanza kuzisogeza zile pete. Mzee alinishika mkono, akazirudisha pale pale bila kusema neno.

Kazi kubwa ilikuwa kwenye masikio yangu. Nimelelewa na do re mi, ngazi yenye hatua ndefu na fupi. Kutoka mi kwenda fa ni nusu tu. Waganda huigawa oktava vipande vitano vinavyokaribia kulingana. Kila nilipoitafuta so niliikuta imekaa pembeni kidogo, nami nikaikaza, na mzee akailegeza. Tulishindana hivyo siku nyingi. Siku nilipoacha kutafuta so na kuanza kuuimba wimbo wenyewe, vidole vikapata njia. Sijawahi kujifunza jambo kubwa kuliko hilo katika muziki.

Niliporudi nyumbani sikuweza kuipeleka ennanga moja kwa moja kwenye sauti nne za kwaya. Ingemkosesha kila mmoja sauti yake. Nilianza na adungu, kinubi cha Waalur wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambacho siku hizi hupigwa shuleni na makanisani nchini humo. Adungu hukubali kufuata do re mi. Wazee wawili watatu walisema tunaleta mambo ya mizimu kanisani. Niliwafungulia mojawapo ya Zaburi zile za utotoni, tukaisoma pamoja taratibu. Jumapili iliyofuata adungu ilipigwa, na mmoja wao alikaa kiti cha mbele.

Baadaye tulipounda kikundi cha vinubi mjini Arusha, waliniita mkurugenzi wa sanaa. Kazi yenyewe ilikuwa kuchagua nyimbo, kutafuta nauli, na kubembeleza wazazi wawaruhusu mabinti zao wabaki mazoezini hadi jioni. Na kukaza nyuzi. Mwezi Julai ukungu unaposhuka kutoka mlimani, ngozi hulegea na sauti zote hushuka. Jumamosi nafika muda wa saa mbili kabla ya wenzangu, naweka adungu karibu na jiko la mkaa, si karibu sana, kisha nakaza kigingi kimoja kimoja huku nikiimba kwa sauti ndogo. Nyuzi zetu ni mshipi wa kuvulia samaki. Ukikatika, tunafunga mwingine papo hapo.

Naumia ninaposikia kwaya nzuri imefunikwa na midundo iliyorekodiwa ndani ya kinanda cha umeme, kila usharika midundo ile ile. Mwalimu mwenzangu, kabla hamjachangisha fedha za kinanda kingine, tengenezeni adungu moja. Mti, ngozi na mshipi vyote mnavyo.