TOBA INAYOPONYOKA MKONONI

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Ndugu yangu katika imani, somo la leo ni lako wewe unayetubia leo, wiki ijayo unarudia, unatubia tena, unarudia tena, mpaka sasa unaona haya hata kunyanyua mikono kuomba. Uwe hapa kwetu Kitaji, uwe Nyasho au Bweri, uwe Bunda au Butiama, soma taratibu mpaka mwisho.

Maswali ya namna hii ni mengi, na mengi yanatoka kwa vijana wanaobeti. Anaendesha bodaboda. Ramadhani aliacha kabisa, akaswali tarawehe mwezi mzima. Shawwal haijafika katikati, hesabu ya bosi imeingia kwenye mkeka. Mwezi unaofuata ni mtaji wa dagaa wa mkewe. Sasa anauliza: "Sheikh, kuna faida gani kutubia mara ya sita?"

Nitakujibu kwa mpira, maana huo unaujua kuliko mimi.

Unamjua Juma Kaseja. Mwaka 2003 alikuwa langoni Simba ilipowatoa Zamalek, mabingwa wa Afrika, kwa penalti, tena kwao Misri. Nchi nzima ilimbeba. Miaka kumi ikapita, akaachwa Simba, akaenda Yanga. Tarehe 21 Desemba 2013, kwenye mechi ya Nani Mtani Jembe, Simba ikashinda 3-1, na lawama nyingi zikamwangukia kipa. Simtaji kumdhalilisha, nitakuonyesha kwa nini namtaja. Unajua watu wa mpira walivyo: kipa anadaka mipira ishirini hakuna anayehesabu, anautema mmoja na huo ndio unaimbwa mpaka vijiweni. Wengi walisema huyu kwisha habari yake.

Tarehe 4 Agosti 2019, Nairobi, Taifa Stars inapigiana penalti na Kenya kutafuta nafasi ya CHAN. Tukashinda 4-1. Septemba 8, Dar es Salaam, penalti tena, safari hii na Burundi kwenye kufuzu Kombe la Dunia. Tukapita 3-0. Mechi zote mbili, langoni alikuwa nani? Kaseja huyohuyo.

Sasa jiulize. Kama baada ya ile Desemba angesema "mikono yangu imekufa", akavua glovu na kukaa kijiweni, 2019 angesimama wapi? Mpira ulimponyoka, lakini lango hakulikimbia.

Ndugu yangu, hapo ndipo shetani anapokuwinda. Ile dhambi ni mlango tu kwake. Anachokitaka hasa ni kile unachokisema baada ya dhambi: "Mimi ndivyo nilivyo, toba haina faida kwangu." Akikusikia unasema hivyo, amemaliza kazi. Dhambi inafutwa na toba, lakini aliyekata tamaa hatubii.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, habari ya mja aliyetenda dhambi akamwomba Mola wake msamaha, akasamehewa. Akarudia, akaomba, akasamehewa. Akarudia tena, akaomba, akasamehewa tena. Kwa nini? Kwa sababu kila mara alijua anaye Mola anayesamehe na anayeadhibu. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: toba ya sita ina faida ileile ya toba ya kwanza, maadamu ni ya kweli. Lakini angalia, hiyo si ruhusa ya kuchezea. Anayetubia huku mkeka wa kesho umeshawekwa, huyo hajatubia, anamcheka nani?

Na nyinyi mlio majukwaani, hili ni lenu. Alikuwapo mtu zama za Mtume (s.a.w.) aliyekuwa akiletwa mara kwa mara kwa kosa la kunywa pombe, na kila mara anaadhibiwa. Siku moja mmoja wa waliokuwapo akamlaani. Mtume akamkataza, akaeleza kwamba mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Iko katika Bukhari. Tazama vizuri: adhabu ilikuwapo, haramu ilibaki haramu, lakini matusi yalikatazwa. Sasa wewe kijana amerudi msikitini safu ya nyuma, unamwambia, "Aa, leo umekumbuka njia?" Umemsaidia shetani dhidi ya ndugu yako. Kesho haji.

Tuje kwenye dawa, maana kumwambia mtu "shika vizuri" bila kumwonyesha namna ya kushika ni kumwonea.

Marekani wana mpira wao wa kubeba mikononi, una umbo la yai, na kuuangusha ni aibu kubwa. Alikuwapo mchezaji wa New York Giants, Tiki Barber. Mwenye mbio, mwenye nguvu, lakini mpira unamponyoka. Msimu wa 2003 aliuangusha mara 9. Mwaka 2004 akaja kocha mpya, Tom Coughlin. Wakambadilisha namna ya kubeba: mpira usimame, uwe juu, ubanwe kifuani. Mtu mzima, nyota wa timu, akakubali kufundishwa upya kushika mpira kama mtoto. Msimu wa 2005 aliuangusha mara moja tu. Tatizo lake lilikuwa mshiko, na mshiko unafundishika.

Lakini kwa nini twende mbali? Nenda pale Mwigobero asubuhi. Sangara mbichi ukimkumbatia katikati ya mwili, anateleza hata uwe na kifua cha mbuzi dume. Mvuvi hahangaiki, anaingiza vidole kwenye mashavu, samaki ametulia. Toba nayo ina mashavu yake. Yashike haya:

1. ONDOA NJIA. Yule aliyeua watu mia, mwanachuoni hakumwambia tubu tu, alimwambia na mji wake auhame aende kwa watu wema. Wewe futa programu ya kubeti kwenye simu, leo. Kijiwe cha mikeka kibadilishe. Ukisema "nitabaki nacho ila sitabeti", umemkumbatia sangara katikati.

2. FEDHA ISILALE MKONONI MWAKO. Hesabu ya bosi ipeleke jioni ileile. Inayobaki mkabidhi mkeo au mama yako. Mtu aliyeumwa na nyoka haoni aibu kuruka kamba.

3. SWALA YA JAMAA, hasa Alfajiri. Kama tano zinakushinda msikitini, anza na hiyo na usiiache. Amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni yenye kudumu, hata ikiwa ndogo.

4. MTU MMOJA WA KUMPIGIA SIMU. Siri ya dhambi yako usiitangaze, lakini mwenzako mmoja mchamungu mwambie, "Nikikupigia usiku, ujue nimebanwa, nizungumzishe."

5. UKIANGUKA, INUKA SAA ILEILE. Usisubiri Ijumaa, usisubiri Ramadhani. Tia udhu, swali rakaa mbili, omba msamaha.

Na kuna jambo la sita ambalo vijana wengi wanalikimbia: HAKI ZA WATU. Wanavyuoni wametaja masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudi, na kama dhambi imegusa haki ya mtu, kuirudisha. Ule mtaji wa dagaa wa mkeo haufutwi na istighfari elfu. Urudishe, hata elfu mbili kila siku, au akusamehe kwa ridhaa yake, si kwa kutishwa. Na bosi vilevile. Tena kama uliapa "Wallahi sibeti tena" kisha ukabeti, una kafara ya kiapo juu yako: kulisha masikini kumi au kuwavisha, na ukiwa huna uwezo, kufunga siku tatu. Imo katika Suratul-Maaidah, sura ileile iliyoharamisha kamari. Watu wa Musoma wangapi wana viapo vya namna hii hawajavilipia?

Mwisho, kumbukeni timu yetu. Mwaka 2021 Biashara United ilitoka hapa Mara kucheza Kombe la Shirikisho Afrika. Ikawatoa Dikhil wa Djibouti. Ikawafunga Al Ahli Tripoli 2-0 Dar es Salaam. Mabao mawili mkononi! Kisha safari ya Libya haikufanikiwa, marudiano hayakuchezwa, tukatolewa. Msimu ulipoisha, tukashuka daraja.

Hiyo ndiyo Ramadhani ya wengi wetu. Mechi ya kwanza tunashinda nyumbani: msikiti umejaa, futari ipo, kila mtu mcha Mungu. Marudiano ni Shawwal, ni Dhul-Qaada, ni usiku wa mechi za Ulaya ukiwa peke yako na simu yako kitandani. Huko hatusafiri. Allah katika Suratun-Nahl ametuonya tusiwe kama yule mwanamke aliyesokota uzi wake ukakaza, kisha akaufumua kwa mikono yake mwenyewe.

Kwa hiyo wewe wa mara ya sita, nenda marudiano. Usihesabu mara ulizoanguka. Hesabu leo umeshika wapi.

Ewe Mola wetu, Wewe ndiye Mwenye kugeuza nyoyo, zithibitishe nyoyo zetu katika dini yako. Vijana wetu wa Mara watoe katika kamari, wape riziki ya halali, na ambaye ameanguka usiku huu muinue kabla ya Alfajiri. Aamiin.

Mtumie na mwenzako, lakini mtumie faragha. Usimtaje jina kwenye maoni hapo chini.

Wallaahu a'lam.